Kanuni na Udi Ndani ya Jazz: Sahani Alizoleta Ami

Msomaji wa ukurasa huu akisikia neno jazz, aghalabu humjia akilini Morogoro Jazz, Western Jazz, au ile Arusha Jazz iliyohamia Mombasa mwaka 1971 na baadaye ikavuma kwa jina la Simba Wanyika. Bendi hizo zilipiga magitaa na tarumbeta, watu wakacheza densi hadi alfajiri, na neno jazz walilitia katika majina yao kama bwana arusi anavyovaa koti juu ya kanzu, kwa kupendeza. Leo sizungumzii hizo. Nazungumzia jazz yenyewe ya Wamarekani weusi, ya New York, Chicago na Detroit, ambayo wapenzi wake hapa pwani ni wachache, hata wakikutana wote hawajazi mkeka mmoja. Mimi ni katika hao. Wala sikuipata vitabuni. Niliipata kwa ami yangu, ndugu mdogo wa marehemu baba, aliyekuwa baharia.

Ami alipanda meli Kilindini tangu ujana wake. Mabaharia wenzake walirudi na saa za mkono na vitambaa vya suti, naye alirudi na sahani za santuri, amezifunga ndani ya shuka zisivunjike. Kisa alichopenda kukisimulia ni cha New York, miaka ya mwanzo ya sitini. Meli ilitia nanga, yeye akatoka jioni kunyoosha miguu, akapita mbele ya mlango uliokuwa ukitoa muziki ambao hajapata kuusikia maishani mwake. Akataka kuingia. Kuchungulia, akaona ni baa: moshi umetanda, chupa juu ya meza, watu na bilauri zao. Basi akasimama nje, baridi ikimkata, mikono mifukoni, akasikiliza nyimbo mbili.

"Nyimbo mbili," alikuwa akisema, "kisha nikarudi melini."

Hakuongeza neno. Nilipokuwa mdogo nilidhani kisa hakijakwisha, nikawa namuuliza, "Halafu, ami?" Naye hunitazama tu.

Siku ya pili yake aliingia duka la sahani. Mwenye duka alipomwona na kofia yake ya vito, akamuuliza kama yeye ni Mwislamu, kisha akamchomolea sahani moja rafuni iliyoandikwa jina la Ahmed Abdul-Malik. Jina la sahani ni Jazz Sahara, nayo ilirekodiwa mwaka 1958.

Huyu Abdul-Malik alizaliwa Brooklyn, New York, mwaka 1927. Mwenyewe alipenda kusema baba yake alikuwa Msudani, lakini waliochunguza nasaba yake baadaye walikuta kwamba wazee wake walitoka visiwa vya Karibi. Kazi yake ilikuwa kupiga besi, ile kubwa ya kusimama ambayo ni kama fidla iliyokua ikampita mtu kimo, na miaka ya 1957 na 1958 alipiga katika kikundi cha Thelonious Monk, mpiga piano ambaye wapenzi wa jazz wakimtaja huteremsha sauti. Lakini Abdul-Malik alikuwa na kitu kingine ambacho wenzake hawakuwa nacho: alijua udi. Yeye na rafiki yake wa utotoni, mpiga piano Randy Weston, walikuwa wakienda mtaa wa Atlantic Avenue, palipokuwa na Waarabu wengi, kuwasikiliza mafundi wa udi na kanuni. Alipopata nafasi ya kutoa sahani yake mwenyewe, aliwaita watu wa kanuni, wa fidla, wa dumbaki na wa tari, akawakalisha pamoja na Johnny Griffin, mpiga saksofoni wa Chicago aliyesifika kwa wepesi wa vidole. Nyimbo ni nne tu sahani nzima, na zote zina majina ya Kiarabu.

Sasa fikiri, msomaji, sahani hiyo inafika Kibokoni. Santuri iko dirishani, wazee wako barazani na vikombe vyao vya kahawa. Wanasikia kanuni, wanasikia udi. Mmoja akasema, "Hawa ni Wamisri." Saksofoni ilipoingia, mzee huyo akaweka kikombe chini, akauliza nani amemruhusu mtu wa beni kuingia humo. Watu wakacheka. Lakini alikuwapo mzee mwingine aliyewahi kupiga fidla katika taarabu, yeye hakucheka. Akasema, "Nyamazeni. Huyo yumo kwenye taksimu."

Maneno hayo yalinifaa zaidi ya kitabu chochote cha jazz nilichokuja kukisoma baadaye. Kwetu sisi, fundi wa udi huachiwa peke yake kabla ya wimbo, ngoma zimenyamaza, naye akaizunguka makamu akipanda na kushuka mpaka arudi alipoanzia. Hajaandikiwa. Kesho hataipiga vile vile. Jazz nayo ni hivyo hivyo, ila taksimu yao hupigwa huku besi na ngoma zikitembea chini yake bila kusimama, na kila mpigaji hupewa zamu. Kwanza wote hupiga wimbo wenyewe, kisha wa saksofoni hushika njia yake, akichoka humwachia wa piano, naye humwachia wa besi, na mwisho wote hurudi kwenye wimbo. Mtu asiyejua huona wamepotea. Ajuaye hungoja kuona watarudi vipi.

Tena sahani ndizo zilizowapa nafasi. Zile sahani nzito za zamani, kama alizorekodi Siti binti Saad kule Bombay mwaka 1928, upande mmoja ulichukua kama dakika tatu tu. Fundi alitakiwa aseme yake haraka anyamaze. Sahani ndefu za plastiki zilipotoka mwaka 1948, upande mmoja ukaweza kuchukua dakika 20 na zaidi, na taksimu ikapata pumzi.

Jambo la pili lililowashangaza wazee ni majina. Ganda la sahani lina maandishi nyuma, na ami alikuwa akinisomesha Kiingereza kwa hayo. Yusef Lateef. Ahmad Jamal. Sahib Shihab. Idrees Sulieman. Art Blakey, mpiga ngoma ambaye wenzake walimwita Buhaina, kwa kuwa alikuwa amejiita Abdullah Ibn Buhaina. McCoy Tyner, mpiga piano wa John Coltrane, naye alikuwa Sulaimon Saud. Hao wote ni Wamarekani weusi waliosilimu, wengi wao katika miaka ya arobaini na hamsini. Waliofikiwa na wahubiri wa Ahmadiyya, ambao walianza kazi Marekani mwaka 1920, walikuwa wengi. Msomaji anaujua mzozo ulioko hapo, na ukurasa huu si mahali pake. Dizzy Gillespie, ambaye hakuwa Mwislamu, alieleza katika kitabu chake kwamba wako waliosilimu pia kwa kuchoshwa na ubaguzi: mtu mwenye jina la Kiislamu aliweza kuhesabiwa mgeni, akauziwa chakula mahali ambapo mweusi wa Marekani alifukuzwa. Nia za watu anazijua Mola wao. Ninalolijua mimi ni kwamba Lateef alikwenda Makka akahiji, na mwaka 1975 alipata shahada ya udaktari kwa kuandika juu ya elimu ya Kiislamu na ya Kimagharibi.

Katika majina hayo yumo mtu wa kwetu kabisa, na hapa nitakaa kidogo, maana hata wapenzi wa jazz walio wengi Afrika ya Mashariki hawana habari naye. Randy Weston, yule rafiki wa Abdul-Malik, alirekodi New York mwezi wa Novemba 1960 sahani aliyoiita Uhuru Afrika. Ulikuwa mwaka ambao nchi 17 za Afrika zilijipatia uhuru. Weston alitaka lugha ya Kiafrika iwemo ndani yake, akawauliza Waafrika waliokuwa Umoja wa Mataifa ni ipi inafaa, nao wakampa Kiswahili. Mshairi Langston Hughes akaandika maneno, na Mtanganyika aitwaye Tuntemeke Sanga akayasema kwa Kiswahili mwanzoni mwa sahani, kabla ya bendi kuingia. Na bendi yenyewe ilikuwa kubwa ajabu. Yusef Lateef yumo, Sahib Shihab yumo, Max Roach yumo kwenye ngoma, Babatunde Olatunji wa Nigeria yumo pia. Aliyepanga sauti za vyombo vyote hivyo ni mwanamke, Melba Liston. Hata majina ya nyimbo ni yetu: moja ni Uhuru Kwanza, nyingine Kucheza Blues. Serikali ya makaburu ya Afrika Kusini iliipiga marufuku mwaka 1964. Kwetu haikuhitaji kupigwa marufuku, kwa sababu haikutufikia. Nilipoipata mara ya kwanza, chapa ya pili si ya asili, niliisikiliza sauti ya Sanga mara nne kabla ya kuacha sindano iendelee. Kiswahili hicho, Tanganyika haijapata uhuru wala Kenya, kinasemwa chumbani New York mbele ya mafundi 20 na zaidi walioshika vyombo vyao.

Lakini nirudi kwenye ule mlango wa baa, maana ndio uliokuwa ukimsumbua ami, na mimi umenisumbua vile vile. Sahani mtu huipiga nyumbani kwake. Adhana ikilia huinua sindano. Ramadhani ikiandama, santuri yetu ilifunikwa kanga mpaka Idi, na hakuna aliyelalamika. Lakini jazz ni muziki wa kuonana uso kwa uso, na kuonana huko aghalabu kumefanywa palipo na pombe. Mwenye kuupenda muziki huu na kuichukia chupa afanye nini? Sitoi fatwa. Wako masheikh wasioruhusu hata hiyo sahani, nami nawaheshimu. Shemeji yake ami, aliyekuwa maalim wa chuo, hakuingia ndani santuri ikilia. Alikaa barazani, mgongo dirishani. Lakini siku moja filimbi ya Lateef ilipokwisha, alisema bila kugeuka, "Hiyo haikumalizika vizuri. Irudie tuone."

Miaka mingi baadaye ndipo niliposoma kwamba swali la ami walikuwa nalo wapigaji wenyewe. Ahmad Jamal alirekodi sahani mbele ya watu katika ukumbi wa hoteli ya Pershing, Chicago, Januari 1958, na sahani hiyo ikauzwa hata ikakaa katika orodha ya zinazopendwa zaidi kwa wiki 100 na kitu. Pesa zilipoingia, alifungua mahali pake mwenyewe Chicago, akapaita Alhambra kwa jina la ile ngome ya Waislamu wa Andalusia. Chakula kilipikwa, muziki ulipigwa, pombe haikuuzwa. Mwaka 1961 alirekodi humo sahani nyingine. Biashara haikudumu, ilifungwa baada ya muda mfupi, na mwenye kujua hesabu za kumbi za muziki hatashangaa, kwa kuwa mlipaji wa bendi ni kaunta ya vinywaji. Jamal aliendelea kupiga piano mpaka uzee wake, akafariki Aprili 2023 akiwa na miaka 92.

Lateef alichukua njia nyingine. Alikataa hata neno jazz, akiona limechafuliwa, akautungia muziki wake jina refu ambalo sitakuchosha nalo. Katika miaka yake ya baadaye alikataa kupiga penye kunywewa pombe, akasema damu na machozi yaliyomwagika katika kuutengeneza muziki huu ni mengi mno kwa kwenda kuupiga mbele ya walevi wanaozungumza. Akawa mwalimu wa chuo kikuu. Kuanzia 1981 hadi 1985 aliishi Zaria, Nigeria, katika Chuo Kikuu cha Ahmadu Bello, akichunguza filimbi ya Wafulani. Alifariki mwaka 2013 akiwa na miaka 93. Kama ami angalijua hayo pale alipokuwa amesimama nje katika baridi! Mimi nilikuwa nikidhani aliukimbia muziki. Kumbe ndani ya muziki wenyewe walikuwamo waliotaka watoke kama yeye.

Ami alifariki mimi nikiwa kazini bara. Niliporudi, arobaini imepita, nikakuta sahani zimekwisha uzwa kwa mchuuzi mmoja, zote pamoja, kwa bei ambayo naona haya kuitaja. Simlaumu mtu, nyumba ilikuwa na haja. Nilizunguka wiki tatu nikiuliza huku na huku na nikapata kumi na moja, Jazz Sahara ikiwamo, ganda lake limeliwa na mchwa upande mmoja. Nyingine sijui ziko wapi. Wanunuzi kutoka Ulaya hupita katika miji yetu wakitafuta sahani za zamani, na wanachokitafuta zaidi ni zetu, za bendi na za taarabu. Mwenye nazo asiziuze kabla ya kuuliza bei mahali pawili.

Na mwenye kuziweka ajue kwamba hewa ya pwani ni adui. Usizilaze moja juu ya nyingine, zitapinda; zisimamishe kama vitabu, mbali na dirisha lenye jua. Chumvi na unyevu huleta ukungu, kwanza kwenye ganda kisha kwenye sahani yenyewe. Ukungu ukiingia, osha kwa maji safi ya vuguvugu yenye tone la sabuni, kwa kitambaa laini cha pamba, ukizunguka kufuata mistari yake wala usiikate. Karatasi ya katikati isilowe. Zile nzito za zamani usizitie spiriti, huyeyuka. Sindano ibadilishe mapema, kwa kuwa sindano mbovu huchimba sahani kama jembe. Wanaokusanya kwa fahari watakuambia ununue chapa ya kwanza tu. Mimi naona hao wanakusanya karatasi. Chapa mpya iliyo safi inatosha kwa mwenye masikio.

Vijana wataniambia muziki huu wote umo kwenye simu. Kweli umo, nami huusikiliza humo nikiwa safarini. Ila simu haikuambii aliyepiga dumbaki ni nani, na mimi bila lile ganda nisingalijua kwamba kuna kanuni New York.

Nimekwenda pia kusikiliza ana kwa ana, tena zaidi ya mara moja. Kuanzia 2014 Nairobi ilipata matamasha makubwa ya jazz uwanjani, mchana, na familia na watoto, yaliyoleta mafundi kutoka ng'ambo. Niliyoyahudhuria yalikuwa mazuri, ila watu wengi huenda kuonana, na besi ikipewa zamu yake ndipo mazungumzo yanapopamba moto. Nililolitafuta nililipata Zanzibar, na hii haikuwa bahati tu. Visiwa hivyo vina chuo cha muziki wa nchi za majahazi kilichofunguliwa mwaka 2002, ambapo kijana hujifunza udi na kanuni, na jazz akitaka.

Usiku huo ulikuwa katika ukumbi mdogo wa Mji Mkongwe, baada ya sala ya isha. Hatukuzidi watu 40. Kilichouzwa mlangoni ni chai ya tangawizi na kashata. Walipanda vijana watano: udi, fidla, besi, dumbaki, na msichana mwenye mtandio aliyeshika saksofoni. Wimbo wa kwanza ulikuwa wa taarabu tunaoujua sote. Kijana wa udi akafanya taksimu yake, akaimaliza vizuri, watu wakasema "Allah!" kama ilivyo desturi. Halafu wa besi hakusimama. Akaendelea kutembea, dumbaki ikamfuata, na yule msichana akaingia.

Alianza kwa kurudia maneno ya mwisho ya udi, polepole, kama mtu anayerudia swali kabla ya kulijibu. Kisha akaondoka nayo. Kuna mahali alikosea, nilisikia, na wa udi akatabasamu; yeye akalishika lile kosa, akalipiga tena makusudi, mara ya pili na ya tatu, mpaka likawa ndilo wimbo. Jambo hilo halimo katika sahani yangu hata moja. Sahani ikikosea, imekosea milele. Mzee aliyekaa karibu nami alikuwa ameshika tasbihi, vidole vimesimama. Hakuna aliyezungumza. Wote waliporudi kwenye wimbo, nilijikuta nimesimama, na sikukumbuka kusimama.

Walipiga nyimbo saba. Nilizihesabu kwa ajili ya ami, zilizozidi mbili.

Mwaka jana nilijinunulia chapa mpya ya Jazz Sahara, kwa kuwa ile ya ami ina mkwaruzo upande wa pili na sindano huruka mahali pale pale siku zote. Niliiweka Ijumaa mchana, dada yangu yuko jikoni. Ilipofika pale, akatoka na mwiko mkononi.

"Mbona haikuruka?"

Nikamwambia hii ni mpya. Akasimama mlangoni akasikiliza kidogo.

"Weka ya ami," akasema, akarudi jikoni.